Picha Iliyoshushwa kwa Heshima

Zahanati nzima ilimjua kwa jina moja tu, Mama Deki. Ukiuliza jina alilopewa na wazazi wake, watu wanaanza kutazamana. Hata yeye mwenyewe, akiitwa kwa jina la kwenye kitambulisho, haitiki mara ya kwanza, anadhani anaitwa mtu mwingine aliyekaa nyuma yake. Kazi yake ilikuwa usafi: kufagia uwanja, kuosha vyoo, kupiga deki ukumbi mrefu wanaposubiri wagonjwa, kuchemsha chai ya wafanyakazi, na kugombana na yeyote anayekanyaga sakafu haijakauka. Hapo kwenye ugomvi ndipo jina lilipotokea.

"We kijana! Huoni nimepiga deki? Au hiyo miguu umeazima?"

"Samahani, mama."

"Samahani haifuti tope. Pita kule pembeni, ambaa na ukuta kama mjusi."

Na watu waliambaa kweli. Hata daktari, mtu mzima na tumbo lake na miwani yake, ungemkuta asubuhi kajibana ukutani, viatu mkononi, anaomba njia.

Sasa kwenye ukumbi huo kulikuwa na picha moja kubwa, imetiwa fremu na kioo, imetundikwa ukutani mbele ya chumba cha kupimia watoto uzito. Picha ya mtoto wa kiume. Yuko uchi, mbavu zimejitokeza, kichwa kimeizidi shingo, nzi katua karibu na jicho. Kalazwa kwenye mapaja ya mtu, lakini mtu mwenyewe haonekani. Unaona kipande cha nguo ya maua, na mkono mmoja umemshika kifuani.

Mkono ule ulikuwa wa Mama Deki.

Mtoto alikuwa wake wa kwanza. Nyumbani walimwita Babu, kwa sababu alipewa jina la babu yake, akawa anaamkiwa kama mzee wakati hata meno hajamaliza kuota. Ukaja mwaka wa njaa. Mvua ziligoma, mifugo ikaisha, halafu surua ikaingia kwa watoto kama moto kwenye nyasi. Watu walitembea kufuata mahema ya msaada, na yeye akatembea, mtoto mgongoni, mume kashatangulia mbali huko kutafuta kibarua. Siku wanangojea zamu nje ya hema, akatokea mgeni mmoja kavaa kizibao kina mifuko kila mahali, akachuchumaa mbele yao, akainua kamera. Mama Deki hakujua kamera kubwa kama ile. Alidhani ni kifaa cha daktari. Akamgeuza mtoto vizuri, akamfunua nguo, akamwondoa mkono kifuani na kumshika upya, ili daktari amwone sawasawa. Mgeni akabonyeza, akabonyeza tena, akaweka kiganja moyoni kama anayeshukuru, akaenda zake. Yeye akabaki pale anasubiri dawa.

Babu hakufika mbali baada ya hapo. Walimzika nyuma ya mahema. Miaka ikapita, barabara kubwa ikaletwa, tingatinga likasawazisha pale pote, na leo malori yanapita juu.

Picha yenyewe ilizunguka dunia. Ilikaa kwenye kalenda, kwenye mabango, kwenye makopo ya kuchangisha. Watu wa mbali waliitazama wakalia, wakatoa. Shirika likaja kujenga zahanati, na siku ya kufungua wakaitundika ukumbini, mkubwa wao akasimama akasema, "Hii ndiyo picha iliyojenga nyumba hii." Mama Deki alikuwa katikati ya umati. Aliinua macho kama wengine, akauona mkono wake mwenyewe. Akakaa chini, pwaa, kwenye vumbi. Watu wakasema jua limempiga, wakampepea.

Wiki iliyofuata alikwenda kuomba kazi ya usafi.

Kuanzia hapo alijipangia utaratibu wake. Deki alianzia mlango wa mbali, anarudi nyuma polepole, ili amalizie chini ya picha. Akifika pale anatoa kitambaa laini ambacho hakuna ruhusa mtu mwingine kukigusa, anafuta kioo kuanzia kwenye paji la uso. Na huku anafuta, anaongea.

"Babu, umeamkaje? Sisi wazima. Dada yako jana kamsuka mteja kichwa kigumu kama kizibo, mpaka chana imekatika. Analalamika vidole. Nimemwambia wewe ungekuwepo ungemkanda. Au ungemcheka tu, wanaume ndivyo mlivyo."

Watu waliona mbavu. Yeye alikuwa haoni mbavu. Aliona kope ndefu za baba yake, aliona sikio la kushoto lililojikunja ncha kidogo, aliona mdomo uliokuwa unataka kusema kitu. Kule nyumbani hakuwa na picha nyingine ya mtoto, wala nguo, wala kaburi. Sura ya mwanawe ilikaa pale ukumbini tu, na yeye ndiye aliyekuwa anaitunza. Hakumwambia mtu. Wauguzi walikuwa wanahamishwa kila mara, hawakujua. Wazee wa pale walijua, ila kujua kwao kulishalala.

Aliyekuwa hajalala ni binti yake.

Huyo alizaliwa baadaye, baba yake alipopita nyumbani kidogo kabla ya kupotea jumla. Ni msusi. Kibanda chake kiko nje ya geti la zahanati, na wateja wanamfuata kwa mikono yake na kwa mdomo wake, maana ukisukwa na Msusi unatoka na nywele mpya na mbavu zinauma kwa kicheko. Lakini ukimtajia ile picha, anafunga uso. Shuleni walikuwa wanampokea kwa wimbo: "Dada wa Mifupa kaja, mfichieni chakula!" Wanapelekwa chanjo zahanati, darasa zima, na wenzake wanasimama chini ya picha wanamtazama yeye, wanaitazama picha, wanapima kufanana. Siku moja alirudi nyumbani akamwambia mama yake aache kazi ile.

"Nikiacha tutakula nini?"

"Basi waambie waitoe."

"Vya watu vile, mwanangu. Sisi nani?"

Mtoto alilia. Tangu hapo binti akiwa na shida zahanati anapitia mlango wa nyuma. Na mama hakuwahi kumwambia kwamba kila asubuhi anasimama pale anamsimulia kaka yake habari zake. Utamwambiaje mtu kwamba kile kinachomuunguza yeye ndicho kinachokupa joto wewe?

Wakaishi hivyo.

Halafu akaja Bi Pole.

Alitumwa na Shirika kutoka huko makao makuu, mwanamke mrefu, nywele fupi, ndala za ngozi, na Kiswahili alichosoma kwenye kitabu. Jina alilipata siku ile ile aliyofika. Ukipiga chafya, pole. Ukibeba ndoo, pole. Mwenyekiti wa kamati ya zahanati, mzee mwenye duka la vipuri vya baiskeli, alimwambia kwamba mke wake kajifungua mapacha, mama huyu akamshika mkono kwa huruma: "Oh, pole sana." Mwenyekiti alicheka mpaka akafuta machozi. "Huyu angalau katuambia ukweli," akasema.

Lakini Bi Pole hakuwa mtu wa kudharau. Wenzake waliomtangulia walikuwa wanashuka kwenye gari, wanatembea, wananyoosha vidole, wanapanda gari. Yeye alikaa. Alifuata watu vibarazani, akakaa kwenye mikeka, akauliza, akajibiwa upuuzi, akauliza tena. Akatangaza kwamba Shirika linabadilika: zamani tulikuja kuwaamulia, sasa tunataka tuamue pamoja. Na akaitisha mkutano ukumbini pale pale, viti vya duara, asikae mtu mbele ya mwenzake.

Msusi alikuwa kwenye duara. Vijana walimchagua kuwa msemaji wao kwenye kamati. Mama Deki hakuwa kwenye duara. Alikuwa nyuma, jikoni, anaosha vikombe.

"Leo sitaki mtusifu," Bi Pole akaanza. "Nataka mtuambie tulipowakosea. Kitu gani tumefanya, kikawaumiza?"

Mtu akakohoa. Mwenyekiti akasema, kwa kweli Shirika ni baba na mama, labda choo cha pili tu ndicho kimechelewa.

"Pole. Choo nimeandika," Bi Pole akasema. "Kingine?"

Msusi akasimama.

"Ile," akasema, akanyoosha kidole bila kutazama. "Ile picha. Yule ni kaka yangu."

Ukumbi mzima ukageuza shingo.

"Sikumkuta, lakini ni kaka yangu, tumbo moja. Nyinyi mmemtundika uchi. Anapita mgonjwa, anapita mgeni, anapita muuza vocha, wote wanamuona. Kuna aliyeuliza jina lake? Kuna aliyemuuliza mama kama anataka mwanawe aonekane hivyo na dunia nzima? Nyinyi watoto wenu wakiumwa mnawapiga picha uchi mnawatia kwenye kalenda? Nimekua nikiitwa dada wa Mifupa. Mimi sitaki choo. Nataka kaka yangu ashushwe."

Hapo hata mwenyekiti alivua kofia. Wamama walikuwa wanalia waziwazi. Bi Pole machozi yalimtoka, akasimama, akasema, "Tumekosa. Tumekosa sana. Itashushwa. Hapa, na kila mahali duniani ilipo. Tutaifuta, isitumike tena na mtu yeyote. Hiyo ni ahadi."

Makofi yakapasuka. Na katikati ya makofi ndipo Mama Deki akatokea mlangoni na sinia la vikombe. Alikuwa kasikia kila neno tangu kwenye korido. Watu wakamgeukia, makofi yakaongezeka, kama vile harusi imeingia.

"Mama mzazi huyu hapa!" mwenyekiti akasema. "Mama, umesikia alichosema binti yako. Una neno?"

Alikuwa na neno. Lilimjia mpaka kwenye ulimi. Akamtazama binti yake: amesimama pale, shingo ndefu, uso umelowa, macho yanawaka kama mtu aliyembeba mama yake mgongoni akamvusha mto. Tangu mtoto yule azaliwe hakuwahi kumuona na uso ule. Vikombe vikaanza kugongana kwenye sinia.

"Sina neno," akasema. "Mtoto kashasema."

Makofi tena.

Jioni ile Msusi alimkumbatia mama yake uwanjani mpaka akamnyanyua juu. "Mama, nimekutoa kwenye aibu leo. Siku zote nilikuwa nasema nikikua nitakutoa."

"Ahsante, mwanangu."

"Mbona unatetemeka?"

"Sinia lilikuwa zito."

Mama Deki alikuwa mtu wa kuvumilia, ila si mtu wa kukaa. Alfajiri ya kesho yake alikuwa mlangoni kwa shemeji yake, mdogo wa mume wake aliyepotea, fundi seremala anayefanya pia kazi ndogondogo za zahanati. Kila mtu alijua ndiye atakayeishusha picha.

"Shemeji wangu kipenzi!" Fundi akapiga kelele. "Leo umekuja kunioa? Ngoja nivae shati."

"Nani akuoe wewe, umejaa vumbi la mbao kama mkate wa jana. Sikiliza. Ile picha unaishusha lini?"

"Leo mchana. Bi Pole hataki ilale."

Hapo mdomo ukawa mzito. Angemwambiaje? Binti yake kaomba picha iondoke, watu wamelia, dunia nzima imepiga makofi, halafu yeye, mama mtu, anakwenda kwa mlango wa nyuma kuiomba? Fundi ana mdomo usiokuwa na komeo, habari ingefika kwenye kibanda cha Msusi kabla ya chai kupoa. Akatafuta njia ya pembeni.

"Ukishaishusha," akasema huku anatazama randa iliyokuwa chini, "usitupe kile kioo na fremu yake. Nivushie nyumbani. Nakitaka."

"Kioo? Unakitakia nini?"

"Wewe lete tu, shemeji. Usiulizeulize, kama polisi."

"Sawa, bosi."

Aliona kamaliza. Fremu ile ilikuwa imepigiliwa misumari nyuma, kipande kimoja na picha yake, yeye aliyeifuta miaka yote alijua. Fundi angeibeba kama ilivyo. Yeye angeifunga kwenye shuka, angeiweka chini ya godoro, na binti asingejua kamwe. Siku ile alipiga deki akiimba. Aliondoka mapema, mwenyewe kasema kichwa kinamuuma, ili asiwepo inaposhushwa.

Fundi hakuonekana siku ile wala ya pili. Siku ya tatu Mama Deki anarudi kutoka kazini, akamkuta shemeji yake kasimama mbele ya nyumba yao, mikono kiunoni, meno yote nje.

"Funga macho, shemeji."

"Sifungi. Iko wapi?"

"Haya, tazama basi. Tazama dirisha!"

Dirisha la chumbani kwake, lililokuwa limezibwa na boksi tangu nyumba ijengwe, lilikuwa linametameta. Fundi alikikata kioo sawasawa, akatengeneza mbao za fremu ziwe kingo za dirisha, akapiga na rangi. Kazi safi kabisa. Msusi alikuwa mlangoni anapiga vigelegele, kumbe walipanga wote wawili kumshangaza.

"Nikajiuliza, shemeji anakitakia nini kioo," Fundi anasema, "nikasema, ah! Dirisha! Anaona haya kuniomba kazi ya bure. Mimi na wewe tena?"

"Na picha?" Mama Deki akauliza. Sauti ilimtoka ndogo.

"Picha ipi?"

"Iliyokuwa ndani."

"Ah, ile karatasi! Usiwe na wasiwasi, imeshughulikiwa. Niliing'oa misumari mmoja mmoja karatasi isichanike, nikamkabidhi Bi Pole mkononi. Kaichoma mwenyewe kule nyuma, kwa adabu kabisa. Hakutaka mtu hata aipige picha kwa simu. Tulisimama kimya mpaka ikaisha."

Mama Deki akaingia ndani, akakaa kitandani. Mwanga ulikuwa unaingia chumbani kama haujawahi kuingia. Nje anawasikia wanacheka, Fundi anadai soda, Msusi anamwambia atamsuka ndevu kwa malipo.

Kesho yake akaacha ndoo ukumbini, sakafu nusu kavu nusu majimaji, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akaenda kugonga ofisi ya Bi Pole. Aliingia mara nyingi mle, lakini na fagio. Mikono mitupu hakujua aiweke wapi.

"Mama! Karibu. Keti tafadhali."

"Nitasimama." Halafu akakaa. "Ile picha mliyochoma. Kuna nyingine?"

Bi Pole akatabasamu kwa kumtuliza. "Hapana, mama. Usiogope. Hakuna tena. Kule kwetu wamefuta zote. Kwenye kompyuta, kwenye ghala, hata ile ya kwanza ya mpiga picha, familia yake ilikubali. Tulifanya haraka, kwa sababu tuliahidi."

Mradi wa maji uliwachukua miaka. Choo mpaka leo. Hii walikuwa wameikimbiza.

"Hata moja?"

"Hata moja."

"Hata ndogo? Ya kwenye kalenda? Hata iliyochanika?"

Hapo tabasamu la Bi Pole likaanza kumtoka usoni, taratibu, kama mtu anayeteremka ngazi. Akachukua simu, akapiga, akaongea lugha yao haraka haraka, akasubiri, akapiga kwingine. Mama Deki alikuwa anamtazama midomo. Hakuelewa neno hata moja, lakini alielewa. Bi Pole akaiweka simu mezani.

"Nilikuwa sina nyingine," Mama Deki akasema. "Nyumbani. Sikuwahi kuwa na nyingine."

"Lakini, mama... tulikuuliza." Hakusema kwa kujitetea. Alisema kama anayetafuta kitu alichokiweka mahali, hakioni. "Mwenyekiti alikuuliza. Ulisema huna neno."

"Mliniuliza nimeshika sinia. Mliniuliza watu wanapiga makofi, mwanangu ananitazama. Ungekuwa wewe, ungejibuje?"

Nje muuguzi alikuwa anaita namba za wagonjwa.

"Mwanangu hakukosea," Mama Deki akaendelea. "Kila alichosema ni kweli. Walimtesa kwa ile picha. Na wewe hukukosea, umesikiliza, wenzako hawakuwa wanasikiliza. Sasa mimi nitamlaumu nani? Nimekuja kuuliza tu kama ipo. Haipo, basi."

"Tutaitisha mkutano mwingine," Bi Pole akasema, kasimama, kashika kalamu. "Leo leo. Utasema mbele ya watu wote, na sisi tutakubali kosa mbele yako. Tuna mchoraji, anaweza..."

"Usithubutu!"

Sauti ile ndiyo ya kwenye sakafu yenye maji. Bi Pole akakaa.

"Ukiitisha mkutano mwanangu atajua. Atajua nilikuwa naitaka. Yeye maisha yake yote anangoja anitoe aibu, kanitoa, sasa analala usingizi. Mimi nimwamshe nimwambie alichoniondolea ni nini?"

Mwisho Bi Pole akauliza, polepole, na safari hii hakukuwa na duara wala mtu wa kupiga makofi: "Mama, unataka tufanye nini?"

Ilikuwa mara ya kwanza mtu wa Shirika kumuuliza hilo. Mama Deki akalifikiria kweli.

"Mnyamaze," akasema. "Unaweza?"

"Naweza."

"Basi." Akainuka. "Na usipite ukumbini sasa hivi. Hapajakauka."

Bi Pole alinyamaza, lazima tumpe haki yake. Wakati mwingine walipishana uwanjani, Bi Pole anafungua mdomo, anaufunga. Msusi Shirika lilimchukua awe anazunguka vijiji vingine kueleza habari ya kuheshimu watu na picha zao, na alieleza vizuri, na sehemu nyingi watu walishukuru sana. Kule ukumbini walitundika mchoro wa watoto wanacheza mpira, watoto wasiokuwa wa mtu yeyote.

Mama Deki aliendelea na deki. Siku za mwanzo alifika mwisho wa ukumbi akasimama na kitambaa, akaanza, "Babu, umeamkaje," muuguzi mgeni akamuuliza, "Mama unaongea na nani?" Akajibu, "Na sakafu. Ina masikio kuliko nyinyi." Baadaye akaacha. Akawa anajaribu kumuona akifumba macho. Mwanzoni alikuja, kope, sikio, mdomo. Halafu sikio likawa haliji mpaka alilazimishe. Halafu ikaja siku amefumba macho akiwa kainamia ndoo, na kilichomjia ni mbavu peke yake, zile ambazo miaka yote hakuziona, na nzi. Akafumbua haraka. Akawa haogopi kazi, haogopi njaa, anaogopa kufumba macho.

Jumapili moja Msusi hakusafiri. Akaweka mkeka kivulini, akamkalisha mama yake chini mbele ya magoti yake, akaanza kumfumua nywele.

"Kichwa hiki, mama, ungekuwa mteja ningekuongezea bei. Angalia mafundo! Unalala kwenye michongoma?"

"Suka, acha kelele. Wateja wako wanakuvumiliaje?"

"Wananipenda."

Akasuka mistari kadhaa. Kisha mikono ikapungua kasi.

"Mama, nikuulize kitu? Usikasirike."

"Uliza."

"Babu alikuwaje? Sasa picha haipo naweza kuuliza. Zamani nikitaka kumfikiria inanijia ile tu, naacha. Nataka nimjue alivyokuwa mzima. Kabla ya njaa. Uso wake ulikuwaje?"

Mama Deki akamtafuta. Alirudi nyuma kabisa, nyumba ya zamani, asubuhi, mlango uko wazi. Alisikia vizuri miguu midogo inakuja mbio kwenye udongo. Alisikia anavyomwita, anaivuta ile "maaa" mpaka pumzi inaisha. Mtoto akatokea mlangoni, jua likiwa nyuma yake, akamkimbilia, akainua uso. Hakukuwa na kitu pale. Jua tu.

"Mama?"

"Alifanana na wewe," akasema.

"Kweli?"

"Wewe kabisa. Macho hayo hayo. Na huo mdomo wako, ulivyo hauishi maneno, ndivyo alivyokuwa. Akicheka anafinya pua, kama wewe unavyofinya."

Msusi akacheka, na bila shaka pua aliifinya. "Basi alikuwa mzuri!"

"Alikuwa mzuri sana."

"Mbona hukuniambia siku zote hizi?"

"Hukuuliza."

Mama Deki akaanza kugeuka. Alitaka kuutazama ule uso, macho yale, mdomo ule, autazame vizuri ukiwa bado unacheka. Vidole vikamshika kichwa pande mbili, kwa upole, vikamrudisha mbele.

"Tulia, mama. Ukigeuka mstari utapinda."

Akatulia.